"Ni za Urembo Tu": Historia ya Lenzi za Rangi na Macho Yaliyolipia

Oktoba ikikaribia, Nairobi huanza kutafuta macho mapya. Kuna mse wa kosplei anayetaka macho mekundu ya mhusika wake wa anime. Kuna wale wa pati ya Halloween wanaotaka macho meupe ya zombi. Kuna bibi harusi anayetaka ya kijivu ndiyo picha zitoke fiti, na kuna yule anataka tu kubadilisha sura ya TikTok yake. Bei si ya kutisha, muuzaji yuko WhatsApp, boda anakuletea hadi kwa geti. Ukiuliza kama ziko salama, jibu ni lile lile: "Hizo hazina namba, ni za urembo tu."

Hiyo sentensi, "ni za urembo tu", ndiyo nataka tuivunje leo. Na sitaivunja kwa kukutisha, nitaivunja kwa historia. Juu ukifuata hii stori kutoka mwanzo, utaona kitu kimoja: kwa zaidi ya miaka 130, jicho halijawahi kujua tofauti kati ya lenzi ya daktari na lenzi ya sherehe. Na kila kanuni ya kuudhi unayosoma kwa ile karatasi ndani ya boksi (usilale nazo, usitumie maji ya mfereji, usimwazime mtu) iliandikwa baada ya watu wengine kuumia kwanza.

Mwanzo ulikuwa kioo, na kioo kiliuma

Wazo lenyewe ni la kitambo. René Descartes aliandika mwaka wa 1637 kuhusu mrija wenye maji unaowekwa juu ya jicho ili mtu aone vizuri. Wazo tamu, ila ukiwa na mrija kwa jicho huwezi hata kufumba. Ikabaki kwa karatasi.

Kazi yenyewe ilianza Ujerumani na Uswisi karne ya 19 ikiisha. Mwaka wa 1887 huko Wiesbaden, fundi wa macho ya bandia, Friedrich Müller, alitengeneza kikombe chembamba cha kioo cha kufunika jicho la mgonjwa aliyepoteza sehemu ya kope kwa saratani. Kazi ya kile kioo ilikuwa kulinda jicho lisikauke. Weka hiyo akilini: moja ya lenzi za kwanza kabisa duniani kuvaliwa na mtu ilikuwa kifaa cha matibabu.

Karibu wakati huo huo, daktari Adolf Eugen Fick, aliyekuwa akifanya kazi Zürich, alijaribu vioo vyake kwa sungura, halafu kwa macho yake mwenyewe, halafu kwa watu wachache. Mwaka wa 1888 akachapisha matokeo. Lenzi zake zilikuwa kubwa, zilifunika hadi weupe wa jicho, na chini yake aliweka maji yenye sukari ya zabibu. Mtu alizivumilia kama saa mbili hivi. Fick akaona jambo ambalo linatuhusu hadi leo: baada ya muda, ile sehemu ya mbele ya jicho ilianza kuwa na ukungu.

Mwaka mmoja baadaye August Müller, mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa na macho mabaya ya kutoona mbali, alijitengenezea zake. Hakuweza kukaa nazo zaidi ya nusu saa, na ilibidi atie kokeini machoni ili kuua uchungu. Siku hizo kokeini ndiyo ilikuwa dawa mpya ya ganzi ya macho, ilianza kutumika 1884.

Sasa, huo ukungu wa Fick ulitoka wapi? Hapa ndipo lazima ujue kitu kimoja kuhusu mwili wako. Ile sehemu safi ya mbele ya jicho inaitwa konea. Ni nyembamba, karibu nusu milimita katikati, na haina mishipa ya damu hata mmoja. Ingekuwa na mishipa, ungeona kupitia nyavu nyekundu. Kwa hivyo oksijeni yake haiji na damu, inatoka hewani, ikipitia kwa machozi. Ukiweka kitu juu ya konea, umeweka kifuniko juu ya pua yake. Haijali kama kifuniko kina namba au hakina. Inachouliza ni kimoja tu: hewa inapita?

Hollywood inagundua macho ya kutisha

Miaka ya 1930, plastiki ikaanza kuchukua nafasi ya kioo. Na palipo kitu kipya cha kubadilisha sura, sinema haikosi. *Miracles for Sale* ya 1939 ndiyo hutajwa mara nyingi kama filamu ya kwanza kutumia lenzi kubadilisha macho ya mwigizaji. Mwaka wa 1958, Christopher Lee akavaa lenzi nyekundu kwa *Dracula* ya kampuni ya Hammer ya Uingereza, na yale macho yenye damu yakawa sura ya mnyonya damu ambayo watu bado wanaiga. Kwake hazikuwa raha. Zilimsumbua macho na kumzuia kuona vizuri akiwa kwa seti. Desemba 1983 ikaja *Thriller*. Michael Jackson anageuka, anaangalia kamera, macho ni ya njano kama ya paka. Mekapu ilikuwa ya Rick Baker, na dunia nzima ilipiga nduru.

Lakini angalia mpangilio wa hizo kazi. Lenzi za sinema zilikuwa zinatengenezwa kwa kipimo cha jicho la huyo mwigizaji, na mtaalamu wa macho. Mwigizaji alizivaa kwa muda wa kupiga sini, halafu zikatoka. Sisi tuliochukua ile sura tulichukua macho ya njano, tukaacha yule mtaalamu nyuma ya kamera. Hakuonekana kwa skrini, tukadhani hayupo.

Krismasi jikoni, Prague

Mtu aliyefanya lenzi ziweze kuvaliwa na watu kama mimi na wewe anaitwa Otto Wichterle, mwanakemia wa Chekoslovakia. Yeye na mwenzake Drahoslav Lím walikuwa wametengeneza plastiki laini inayonyonya maji. Kwa siasa za wakati huo, Wichterle alifukuzwa chuo kikuu 1958, na baadaye utafiti wake wa lenzi haukupewa msukumo.

Basi akaenda kufanyia nyumbani. Krismasi ya 1961, mezani jikoni, alichukua mchezo wa watoto wa vyuma vya kuunganisha unaoitwa Merkur, akaunda mashine ya kuzungusha tone la ile plastiki hadi likawa lenzi. Akatumia pia dainamo ya baiskeli. Akajaribu zile za kwanza kwa macho yake. Miezi iliyofuata, yeye na mkewe walitengeneza maelfu pale pale nyumbani. Haki za huo uvumbuzi ziliishia Marekani, na mwaka wa 1971 mamlaka ya dawa ya huko, FDA, iliruhusu lenzi laini za kwanza kuuzwa.

Lenzi laini zilibadilisha kila kitu juu haziumi. Na hapo ndipo shida mpya ilizaliwa. Kioo cha Fick kilikuwa kinakufukuza baada ya saa mbili, ukitaka usitake. Lenzi laini haikufukuzi. Unaweza kusahau iko ndani. Unaweza kulala nayo.

Watu wakalala nazo, wakaziosha na maji

Mwaka wa 1981, FDA iliruhusu lenzi zingine zivaliwe mfululizo hadi siku 30, usiku na mchana. Watu walifurahi. Halafu mwaka wa 1989 jarida la *New England Journal of Medicine* likatoa tafiti mbili. Moja ilihesabu vidonda vya konea kwa mwaka: wale wa kuvua lenzi kila siku, kama wanne kwa kila watu 10,000. Wale wa lenzi za kukaa nazo usiku, karibu 21. Ile nyingine ilisema hivi: anayelala na lenzi za aina hiyo yuko kwa hatari mara 10 hadi 15 zaidi ya yule anayevaa za kila siku na kuzitoa usiku. Mwaka huo huo siku 30 zikashushwa zikawa saba.

Kumbuka konea na hewa yake. Ukilala umefunga macho, oksijeni tayari imepungua. Ukiongeza lenzi juu, ngozi ya konea inadhoofika, machozi hayaoshi vizuri, na bakteria kama *Pseudomonas* wanapata mlango. Huyo bakteria akiingia hana huruma. Kwa siku moja au mbili anaweza kuharibu konea kiasi cha kuitoboa.

Kisha kuna maji. Katikati ya miaka ya 1980, madaktari wa Marekani walianza kuona ugonjwa uliokuwa nadra sana: amiba ndani ya konea, jina lake *Acanthamoeba*. Walipofuatilia, wakakuta wagonjwa wengi walikuwa wanajitengenezea maji ya chumvi nyumbani, kwa vidonge vya chumvi na maji, ili kuokoa pesa ya dawa ya lenzi. Hawakuwa watu wachafu, walikuwa watu wa kubana bajeti. Ile amiba huishi kwa maji ya kawaida, hata yale unayokunywa bila shida. Ikikwama kati ya lenzi na jicho, inaleta uchungu mkali mno, na matibabu yake huenda miezi mingi.

Uingereza nayo ilikuwa na visa vingi kuliko Marekani. Watafiti walipochunguza, walitazama sana matangi: nyumba nyingi za huko huweka tangi la maji darini, na amiba ilipatikana kwa maji ya bafu za baadhi ya wagonjwa. Sasa wewe, inua macho uangalie juu ya flati yako. Hilo tangi jeusi limeoshwa lini? Na zile siku maji yanakatwa, mtungi wako wa lita 20 umejazwa wapi? Hii stori ya Uingereza ni ya kwetu kabisa.

Rangi zinaingia mtaani, sheria inachelewa

Lenzi za rangi za kwanza zilifaa wenye macho meupe-meupe, juu zilikuwa kama kioo chenye rangi. Kwa macho ya kahawia kama ya wengi wetu hazikuonyesha kitu. Mwaka wa 1986 kampuni ya Marekani, Wesley-Jessen, ilianza kuuza lenzi zenye nukta nyingi ndogo za rangi nzito zilizoacha shimo la kuonea katikati. Ghafla mtu mwenye macho meusi tii angeweza kuwa na ya kijani. Soko likafunguka kwa dunia yote.

Na ndipo ule msemo ulizaliwa. Kwa vile hazirekebishi macho, wauzaji wakasema ni vipodozi kama lipstiki. Saluni zikauza, maduka ya vipodozi yakauza, masoko ya wikendi yakauza. Watu walizijaribu, wakapeana, hakuna aliyewaonyesha hata jinsi ya kuzitoa.

Mwaka wa 2002 FDA ikatoa onyo. Mwaka wa 2003 madaktari wa Marekani wakachapisha visa vya wagonjwa sita walioumizwa na lenzi za rangi walizonunua bila kupimwa, na kichwa cha makala ya baadaye kiliuliza swali letu la leo: hivi ni vipodozi au vifaa vya matibabu? Novemba 2005 sheria ikajibu. Rais George W. Bush alitia sahihi sheria iliyosema lenzi zote, ziwe na namba au zisiwe nayo, ni vifaa vya matibabu. Kuuza bila karatasi ya daktari ikawa kosa. Mwaka huo huo Uingereza ikaweka lenzi zisizo na namba chini ya usimamizi wa wataalamu wa macho waliosajiliwa. Kanada ilifuata 2016.

Hesabu nawe. Kutoka 1986 hadi 2005 ni miaka 19. Miaka 19 dunia iliambiwa "ni za urembo tu."

Halafu intaneti ikaja

Sheria ya nchi inasimama mpakani. Paseli haisimami. Mwaka wa 2009 video ya *Bad Romance* ya Lady Gaga ilionyesha macho makubwa ya mwanasesere. Mwaka uliofuata mafunzo ya mekapu ya YouTube yakaonyesha jinsi ya kupata ile sura kwa lenzi za duara kubwa kutoka Asia, zinazofunika hadi weupe wa jicho. Hazikuwa zimeidhinishwa Marekani. Wasichana wakaagiza tu.

Mwaka wa 2011 watafiti wa Ufaransa waliolinganisha wavaaji wakakuta lenzi za urembo ziliongeza hatari ya maambukizi ya konea mara 16.5. Sababu ni hizo hizo: hakuna aliyepima jicho, hakuna aliyefundisha usafi, na watu waliziona kama hereni. Pia kuna suala la rangi yenyewe. Kwa lenzi nzuri, rangi imefungiwa katikati ya tabaka mbili. Kwa zingine rangi iko juu juu, inakwaruza konea na kuwapa bakteria mahali pa kushika.

Basi, tuvae au tusivae?

Mimi si wa kusema usivae. Kosplei ni sanaa, na macho ndiyo humaliza kazi. Ninachosema ni kwamba watu walishalipia haya mafunzo, na si haki tulipe tena.

Kapimwe kwanza, hata kama unaona vizuri. Mtaalamu wa macho hapimi namba tu. Anaangalia mviringo na upana wa jicho, na kama una ukavu au mzio. Lenzi ya "saizi moja kwa wote" haipo, kwa sababu konea ya saizi moja haipo. Zile kubwa za kufunika jicho lote kama pepo la sinema ndizo zinahitaji kupimwa zaidi, si kidogo.

Osha mikono na sabuni, ikaushe kabisa. Vaa lenzi kabla ya mekapu, zitoe kabla ya kufuta mekapu. Maji ya mfereji, ya mtungi, ya chupa ya duka, mate, maji ya chumvi ya nyumbani: yote hapana. Ni dawa ya lenzi pekee, na ni mpya kila mara. Usiongezee juu ya ile ya jana. Mwaka wa 2006 kulikuwa na mlipuko wa kuvu ya macho kutoka Asia hadi Marekani, dawa moja ya lenzi ikaondolewa sokoni dunia nzima, na hiyo tabia ya kuongezea ilikuwa kati ya mambo yaliyotajwa. Kikopo cha kuhifadhia nacho kibadilishe kila miezi mitatu.

Usilale nazo, hata ile ya dakika ishirini kwa matatu ya kurudi nyumbani. Usiogelee nazo. Usimwazime mtu, hata dadako, hata kwa picha moja. Ukiona tarehe imepita, tupa. Na usiendeshe usiku ukiwa nazo: lile shimo la katikati halipanuki, mboni yako hupanuka gizani, kwa hivyo rangi inakuziba.

Jicho likiwa jekundu, likiuma, likichukia mwanga au likiona ukungu, toa lenzi hiyo dakika. Usingoje asubuhi ukidhani ni usingizi. Nenda kwa daktari wa macho siku hiyo, ubebe lenzi na kikopo chake, maabara inaweza kuvihitaji. Usiweke matone ya rafiki yaliyobaki kwa droo. Yale yenye steroidi yanaweza kuzidisha kuvu huku yakikudanganya kwamba wekundu umepungua.

Na kwa nyinyi mnaouza, wengine ni mabeste zangu: najua hii ni kodi ya nyumba yako. Lakini usiseme tena "ni za urembo tu." Muulize mteja kama amepimwa. Muuzie na dawa yake na kikopo. Mwonyeshe kutoa kabla hujamwonyesha kuvaa. Ukipoteza mauzo mawili kwa wiki, utapata mteja atakayerudi akiwa na macho mawili.

Konea ikishapata kovu, mekapu haifuniki. Wakati mwingine suluhu ni kupandikizwa konea ya mtu aliyefariki, na hizo hazikai kwa rafu zikingoja wateja. Friedrich Müller alitengeneza kile kioo chake ili jicho la mgonjwa lisiharibike. Itakuwa ajabu sisi, na vifaa bora mara mia, tuitumie lenzi kufanya kinyume.

Wewe umewahi kuuziwa lenzi na ukaulizwa swali lolote na muuzaji? Niambie hapo chini, na umtumie hii yule beste yako wa Halloween kabla boda hajafika.